Mizani Nayo Inapimwa na Nani? Mhadhara kuhusu kukalibreti kamera za setilaiti zikiwa juu

Haya jamani, huko nyuma mnanisikia? Poa. Wengine hapa mshanisikia nikiongea haya mpaka mmechoka, mwenyekiti kanipa dakika ishirini na kaniomba leo nisirudie ile habari ya mlango, nikamwambia nitajitahidi. Sikuahidi.

Tuanze na hii picha hapa. Mawingu, bahari, nchi kavu, rangi zimetulia. Mtu akiiona anasema setilaiti imepiga picha. Kilichoshuka kutoka kule ni namba tu ndugu zangu, zinaitwa kaunti, mwanga umeipiga sensa (kile kipokezi cha mwanga ndani ya kamera, sio ile ya kuhesabu watu) ikatoa namba, basi. Hiyo namba haina maana yoyote mpaka mtu aseme kaunti moja ni mwanga kiasi gani, na kazi ya kusema hivo ndo kalibresheni. Ukikosea hapo, kilele cha wingu kinaonekana cha baridi kuliko kilivyo, programu ya kukadiria mvua inaamini hilo wingu ni refu sana, na huku chini watu wanaambiwa kuna mvua ya kufa mtu, kumbe kioo kimechafuka.

Najua kuna mtu anataka kuniuliza, kwani si ilipimwa maabara kabla haijarushwa? Ilipimwa, tena sana, ndani ya tangi lisilo na hewa, watu wanakesha. Halafu ikafungwa juu ya roketi, ikatikiswa, ikapelekwa kilomita 35,786 juu ya ikweta, huko jua linaitwanga urujuanimno (UV, ile miale mikali isiyoonekana) bila hewa ya kuukinga, mvuke uliojificha kwenye gundi na plastiki unatoka polepole unaenda kuganda kwenye vioo vya baridi. Fundi wa kupanda na kitambaa kufuta hayupo. Nyani haoni kundule, na kamera nayo haiwezi kukwambia kwamba ni yenyewe inafifia, itakwambia dunia ndo imefifia.

Sasa wahandisi wakasema sawa, tuifungashie kipimo chake iende nacho. Kibao cheupe, kimetengenezwa kwa plastiki ya jamii ya Teflon, unakiacha jua likipige, kamera inakitazama. Jua tunalijua, nguvu yake kwa jumla inapanda na kushuka kama asilimia 0.1 tu katika mzunguko wake wa miaka kumi na moja hivi, kwa hiyo ni taa nzuri mno. Shida iko wapi? Kibao kiko hukohuko juu, kinapigwa na jua hilohilo! Kinageuka rangi kama kiti cha plastiki kilichosahaulika uani.

Mwenyekiti nisamehe, mlango.

Kuna setilaiti inaitwa Terra, ilirushwa Desemba 1999. Najua, najua, ni ya utafiti sio ya utabiri wa kila siku, ila kamera yake ya MODIS ndo mjomba wa kamera ya VIIRS iliyopo kwenye setilaiti za hali ya hewa za leo, kwa hiyo msinikatize. Kile kibao chake cheupe kiliwekewa mlango, unafunguliwa siku ya kalibresheni tu halafu unafungwa, kibao kinarudi gizani kupumzika. Safi kabisa. Mwaka 2003 mlango ukaanza kuleta matata, na watu walioko chini wakabaki na uamuzi mmoja mgumu: ukikwama ukiwa umefungwa, kibao umekipoteza moja kwa moja. Julai mwaka huo wakauacha wazi, na wazi ukabaki. Kuanzia hapo kila mzunguko, na Terra inazunguka dunia kwa dakika 99 hivi, jua linapita kwenye wavu uliopo mbele ya kibao na kukigonga. Mara kumi na nne na ushee kwa siku, miaka na miaka. Rangi ya bluu ndo iliumia zaidi, manake urujuanimno huanza kula upande huo, na ukilinganisha na kibao cha pacha wake Aqua, ambaye mlango wake ulikuwa mzima, cha Terra kilichakaa vibaya sana.

Na bado data ya Terra ilitumika! Kwa nini? Kwa sababu kulikuwa na kijidude cha pili, kazi yake ni kutazama jua, kisha kibao, kisha jua, kisha kibao, anapata uwiano, uwiano ukishuka unajua kibao kimechakaa kiasi gani. Yaani mizani, na jiwe la mizani, na mtu wa kulikagua jiwe. Halafu yeye nani anamkagua? Mnacheka, lakini hilo swali ndo mshahara wangu.

Jibu ni Mwezi. Mwezi hauna hewa, hauna mvua, hakuna anayeulima. Uso wake unabadilika chini ya sehemu moja kwa milioni mia moja kwa mwaka, hakuna kibao cha binadamu kinachofika hapo. Halafu usidanganywe na weupe wake wa usiku, Mwezi ni mweusi kama lami kuukuu, unarudisha kama asilimia 12 tu ya mwanga, unang'aa kwa sababu pembeni yake kuna giza tupu. Ugumu ni kwamba haukai sura moja, kuna mwandamo, kuna mpevu, halafu unayumba kidogo ukituonyesha ubavu huu na ule, ndo maana kule Flagstaff, Arizona, watu walikaa na darubini mbili miaka kadhaa wakiupima kila usiku uliofaa hadi wakapata modeli. Modeli hiyo ni nzuri kwa kujua kamera imeshuka kiasi gani tangu mwaka jana. Kwa kujua mwanga halisi ni kiasi gani bado inaweza kukosea asilimia 5 mpaka 10, kwa hiyo msije mkatoka hapa mkasema nimesema Mwezi ni kila kitu.

Mwingine atasema tumia jangwa, nalo halibadiliki sana. Tunatumia, SEVIRI, kamera ya setilaiti za Meteosat za Ulaya, haina kibao cha jua kabisa, inategemea majangwa kama ya Sahara, lakini vumbi likinyanyuka utajua ni jangwa au ni kioo?

Dakika tatu? Haya haraka. Infraredi, yaani ule mwanga wa joto usioonekana, ina njia yake, kibao cheusi chenye joto linalojulikana, halafu unatazama anga tupu, nukta mbili unachora mstari. Barafu ikiganda kwenye vioo chaneli ya mikroni 13.4 inaanza kudanganya, wanapasha moto kamera mpaka iyeyuke. Tangu 2005 kuna mpango wa GSICS wa kulinganisha setilaiti ya nchi hii na ya ile, wanatumia IASI, kipimo cha infraredi chenye chaneli 8,461, kama rula. Na msiniambie kosa la nyuzi 0.2 ni dogo, joto la dunia lenyewe linapanda takriban hivo kwa muongo mzima. Suala la kuhakikisha pwani kwenye picha inakaa pale pwani ilipo nalitupa, muda hamna.

Nirudishie ile picha ya mwanzo. Hii mliyopewa imekatwa, kuna mtu kaona kona ni nyeusi tupu akaipunguza ipendeze. Ya asili hii hapa. Tazama kona ya juu kulia, kile kidoti. Mnakiona? Ndo Mwezi wenyewe huo, na kila wiki kuna mtu ananitumia picha kaukata.