Mbegu ya Magnolia Haianikwi Juani

Hamjambo ndugu zangu wa vitalu vya Nakuru, nanyi mliodamka kutoka Molo na Njoro. Leo ni magnolia, ule mti wa majani mazito, juu yanang'aa na chini yana rangi ya kutu, usiobaki mtupu wakati wowote wa mwaka.

Mbegu zangu za kwanza nilizianika kwenye mabati kama maharagwe. Zikakauka vizuri, nikafurahi, nikaatika punje 40. Haikuota hata moja. Mbegu ya mti huu ikikauka imekufa, na hakuna maji yatakayoifufua.

Hebu sogeeni mlione tunda hili. Likiiva hupasuka vijishimo, na kila shimo hutoa mbegu nyekundu inayoning'inia kwa uzi mwembamba kama wa buibui. Wawahini ndege! Sasa huu wekundu ni nyama yenye mafuta, na ndani yake mna kinachozuia mbegu kuota. Loweka siku mbili, fikicha kwa mchanga, kisha osha kwa sabuni kidogo mpaka vidole viache kuteleza. Mama, shika hii. Umeona? Ndani kuna kokwa gumu. Yanayoelea majini tupeni, yaliyozama ndiyo yetu.

Makokwa hayo hatuyapandi papo hapo, kwanza huingia kwenye friji. Kwa nini friji? Kwao mti huu ni kusini-mashariki mwa Marekani. Mbegu huanguka kabla ya majira ya baridi, zikalala kwenye udongo wenye unyevu, na joto likirudi zinaamka. Sisi hapa tuko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari. Julai tunavaa sweta, lakini baridi hiyo haizitoshi. Basi tunaziundia baridi yao: nyuzi 4 hivi, miezi mitatu au minne. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku 2017, kwa hiyo mimi natumia kopo la margarini. Changanya mbegu na mchanga uliolowa kiasi. Ukiukamata kiganjani ushikane, usidondoshe tone. Tafadhali, kopo lisiwekwe sehemu ya kugandishia barafu. Kila wiki funua, na ukiona ukungu osha upya.

Mbegu zikitoka kwenye friji, zifukie kina cha sentimita moja, kivulini. Kwenye kuhamisha ndipo wengi tunapoharibu: mizizi yake ni minene na huvunjika upesi kama karoti changa. Mche uhame na udongo wake, msiukung'ute.

La mwisho ni la wateja wetu. Mche wa mbegu huweza kukaa miaka kumi na zaidi bila ua. Kumwambia mtu aliyelipa pesa yake kwamba mwakani atanusa maua ni kumdhulumu, nami sitaki kusikia kitalu chetu chochote kinafanya hivyo. Mwenye haraka mtafutieni mche uliopandikizwa kikonyo, yaani kijitawi, cha mti uliokwisha kuchanua. Haya, njooni mezani, makopo mawili yamefika mwezi wa tatu, tuyafunue pamoja.