Usianze na Tunda: Kuwatambua Jamaa wa Kibuyu Porini

Kamwene! Ahsanteni kwa kuja na mvua hii.

Boga tuliweke pembeni mapema. Maboga tunayolima Iringa na Mbeya asili yake ni bara la Amerika, na ndugu zake wa porini wako huko, Meksiko na jirani zake. Mtu akikuletea “boga pori” kutoka kando ya Ruaha, ujue ni mmea wa jenasi nyingine, yaani kundi jingine la spishi zilizo karibu. Kibuyu ndicho chetu: jenasi yake, Lagenaria, ina spishi sita, zote za Afrika.

Wengi mnakimbilia tunda. Acheni! Kibuyu chenye shingo, kirefu cha kukatia kata, cha mviringo, hata mumunye la mboga, vyote ni spishi moja, Lagenaria siceraria. Shika jani, utazame kikonyo kinapoingia kwenye bapa lake. Hapo pana vitezi viwili vidogo, kimoja kila upande. Ukiviona, angalia vikono, zile nyuzi mmea unazojishikilia nazo: vya kibuyu hugawanyika viwili, vya matango mwitu havigawanyiki. Halafu ua. La kibuyu ni jeupe, petali (vijani vya ua) zimeachana, hufunguka jioni kungoja nondo. La boga ni la manjano, petali zimeungana.

Jamaa mmoja wa porini ni Lagenaria sphaerica, anayependa vichaka na misitu ya kando ya mito. Tunda lake ni kijani lenye mabaka meupe. Kinachomtofautisha hasa ni jinsia: maua dume na maua jike yako kwenye mimea tofauti, ilhali kibuyu cha shambani hubeba yote mawili. Kwa hiyo usichunguze mmea mmoja ukaondoka.

Na msionje! Uchungu wa matunda ya porini ni kukurbitasini, kemikali ya mmea, nayo ni sumu. Wanaotunza mbegu za mumunye wasipande karibu na vibuyu vichungu. Chavua ikivuka, tunda la mwaka huu litabaki tamu; uchungu utautia sufuriani msimu ujao, kutoka kwenye mbegu zile zile ulizozitunza.

Mnaniuliza faida ya hawa jamaa wa porini. Tango mwitu lenye miiba, Cucumis metuliferus, linastahimili minyoo fundo, minyoo midogo ya udongoni inayotia mizizi mafundo, ile inayowasumbua wakulima wa nyanya hapa. Mkikutana nalo, kateni tawi lenye jani, kikono na ua, mlibane ndani ya gazeti, muandike mahali na tarehe. Tunda peke yake msiniletee.