Lugha ya meza ya pool na wanaoichukia

(Mhadhara uliotolewa Tabora mjini mbele ya walimu wa Kiswahili, wazazi na vijana)

Mwangaluka wazee wangu. Mwangaluka walimu. Na nyie vijana mliokuja mkidhani kuna soda, mambo vipi.

Nimeombwa nizungumzie maneno ya wacheza pool. Mzazi aliyeniomba alisema hasa "uchafu wa lugha" kwenye meza za pool. Mada nimeipokea, huo uchafu tutaukagua mbele ya safari, tuone upo kiasi gani. Na mtakaosoma maandishi haya baadaye mkaona nimeandika pool kwa tahajia ya kigeni badala ya kuandika linavyotamkwa, mjue ni kwa heshima ya wazee. Vijana wanaelewa kwa nini, naona wameshaanza kucheka.

Tusimame kwanza mezani. Mashimo sita, mipira 15 ya rangi na mmoja mweupe wa kupigia. Namba 1 hadi 7 ni ya rangi nzima, 9 hadi 15 ina mistari, na 8 ni mweusi. Ukimzamisha mweusi kabla hujamaliza ya kwako, mchezo umekuishia. Sasa mfikirie kijana wa Isevya ambaye zamu yake imefika, nyuma yake wamejipanga wengine na sarafu mkononi. Huyo atasema "mimi nacheza mipira yenye mistari ambayo namba zake zinazidi nane"? Atasema "kubwa", basi, na mwenzake ajue ana "ndogo". Atasema "nyeusi". Walimu mtanirekebisha kwamba mpira ni mweusi, lakini pale mezani ngeli ilishafungwa zamani. Breki, chaki, fauli, dabo: ni maneno mafupi kwa sababu mchezo hausubiri mtu.

Wazee wangu, naomba radhi kwa nitakalosema. Nendeni chini ya mwembe wowote hapa mjini panapochezwa bao. Mashimo 32, kete 64, na maneno ambayo mgeni hayaelewi hata awe na shahada ya Kiswahili. Namua. Mtaji. Takata. Kimbi. Nyumba ambayo haina mlango wala bati. Na kejeli je? Mchezaji wa bao akimzidi mwenzake humsimanga mpaka aliyekaa pembeni aone aibu kwa niaba yake. Sijawahi kusikia mzazi amelalamika kwamba bao linaharibu lugha. Tunaliita urithi, na ni urithi kweli. Ila tukubali kwamba kinacholipa heshima lile rundo la maneno ya ndani ni mvi za wanaoyasema.

Karata nazo zilikuwa za wavivu. Leo mwanasiasa "anatupa turufu yake ya mwisho", na gazeti linaandika hivyo bila kufunga alama za mtajo. Mpira wa miguu ndio usiseme. Chenga, tobo na kanzu vilizaliwa kwenye viwanja vya vumbi, na danadana ilikuwa mchezo wa mtoto na mpira wake wa makaratasi. Sasa mtu mzima, mwenye cheo, akizungushwa kuhusu hati ya kiwanja chake atakwambia "nimepigwa danadana", na hakuna atakayemwambia anazungumza lugha ya mtaani.

Kwa hiyo swali langu ni kwa nini pool peke yake ndiyo inakera. Jibu ninaloliona mimi ni saa na pesa. Bao huchezwa na mtu aliyekwisha kulea. Pool inachezwa na kijana ambaye mama yake anadhani yuko kazini. Enzi za awamu ya tano, ya Rais Magufuli, viongozi walikemea hadharani vijana wanaoshinda kwenye pool asubuhi, na karipio lile lilimgusa kila anayeshika fimbo, hata fundi aliyemaliza kazi yake saa kumi jioni akaja kupumzika. Tangu hapo, kijana akitamka neno moja la mezani nyumbani, mzazi hasikii neno. Anasikia asubuhi iliyopotea.

Na sifa hii mbaya haikuanzia hapa. Huko Marekani, katika karne ya 19, nyumba iliyoitwa kwa jina la pool ilikuwa ya kuchezea kamari ya mbio za farasi. Jina lilitokana na dau ambalo watu waliliweka kwa pamoja. Meza za biliadi, mchezo wa fimbo na mipira uliozaa huu wa leo, ziliwekwa humo ili wacheza kamari wapitishe muda kati ya mbio moja na nyingine. Farasi waliondoka, jina likaibakia meza pamoja na lawama zake. Wenye mchezo walijaribu kulibadilisha jina ili lisikike la kistaarabu, wakashindwa. Wamarekani hao hao mpira ukizungushwa kwa ubavu huuita mzunguko huo "Kiingereza", na Waingereza wenyewe hawauiti hivyo. Mchezaji anayejifanya hajui ili akulie pesa wanamwita papa. Sisi huku papa tunamwona sokoni, amekaushwa.

Tabora ina deni lake pia katika mchezo huu, au mchezo una deni kwa Tabora. Mipira ya biliadi zamani ilichongwa kwa pembe za ndovu, na pembe za Afrika Mashariki zilipendwa sana. Zilitoka bara kupitia Ujiji na hapa Unyanyembe, mabegani mwa watu, hadi pwani. Pembe moja ilitoa mipira michache tu. Miaka ya 1860 kampuni moja ya Marekani ilitangaza zawadi ya dola 10,000 kwa atakayepata kitu cha kufanyia mipira badala ya pembe, na majaribio yaliyofuata yakachangia kuzaliwa kwa plastiki za mwanzo. Kwa hiyo anayeniambia mchezo huu ni wa juzi, umeletwa na baa, namwomba apite Kwihara, kituo cha zamani cha misafara hiyo hapa jirani, halafu turudi kuzungumza.

Sasa ule uchafu. Upo, na uko sehemu mbili.

Kwanza ni maneno ya dau. Jero, buku, msimbazi: haya ni majina ya pesa na kila mtu anayatumia hata kununulia mchicha. Lakini pale mezani hutajwa kwa sauti ya chini, au kwa ishara ya kidole, kwa sababu linalofanyika ni kamari na kuna mtoto wa shule ndani yake. Hapo niko upande wa wazazi moja kwa moja. Neno linalotumika kumficha mtoto anayeliwa ada ya shule sitalitetea kwa hoja ya isimu.

Sehemu ya pili ni hiyo ya kula na kuliwa, kuingiza na kuingizwa. Kwenye karata mtu "kuliwa" ni kupoteza, tangu zamani, na halimtii mtu aibu. Lakini meza nyingi za pool ziko barazani, kando ya njia, na kuna vijana ambao husubiri binti apite ndipo wapaze sauti. Mabinti wanazunguka mtaa mzima ili wasipite hapo, na ambaye angependa kucheza hathubutu kushika fimbo. Nyie vijana mnaocheka, hili ndilo linalowafanya mchukiwe, na kwa hili mnastahili. Mchezo hauhitaji neno hata moja kati ya hayo ili mpira uingie shimoni.

Maneno mengine ya mezani yaacheni yaishi. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, Kigoma mwaka 1914, baadaye ikachepuka kwenda Mwanza, na tangu hapo mji huu umekuwa ukipokea maneno ya kila upande yakishuka na mizigo. Neno la Dar likifika leo, kesho litasikika Kanyenye, na mwezi ujao litakuwa limesahaulika. Walimu, badala ya kulifuta ubaoni, mwambieni mwanafunzi aliandike kwenye daftari: linasemwaje, nani analisema, kwa nini. Mtapata insha nzuri kuliko zile za "Siku niliyoifurahia".

Nakaribisha maswali. Tuanze na mzee wa mbele, aliyenyoosha mkono tangu nilipoligusa bao.