Ukirudia SAT, chuo kinachukua maksi zipi?

Jamani karibuni, niingie moja kwa moja kwenye swali ambalo wazazi mnaniuliza kila siku: mtoto kapata 1400 kwenye SAT, ule mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani, akirudia halafu sehemu moja ikashuka si ndo kajiharibia? Kwa vyuo vingi vikubwa vya Marekani hapana, na ntawaonyesha kwa hesabu hapahapa.

SAT ina sehemu mbili, Kiingereza na hesabu, kila moja mwisho wake 800. Tuseme binti kafanya Machi, Kiingereza 640 hesabu 760, jumla 1400. Oktoba karudia, Kiingereza kimepanda 710 ila hesabu imeshuka 720, jumla 1430. Sasa chuo kama MIT au Yale wanaokota ile 710 ya Oktoba na ile 760 ya Machi wanaziunganisha, binti anasomeka 1470, maksi ambazo hajawahi kuzipata siku yoyote aliyokaa kwenye mtihani! Hiyo ndo supaskoo.

Ila si kila chuo. Georgetown wanataka matokeo yote, kila ulipofanya, hufichi hata moja. Ni kweli College Board, wenye mtihani wenyewe, tangu 2009 wanakuachia uchague matokeo ya tarehe ipi yatumwe, lakini ruhusa yao haifuti sheria ya chuo, na hapo ndo wengi wanajichanganya. Halafu Berkeley, UCLA na vyuo vingine vyote vya UC (University of California) hawaangalii kabisa maksi za SAT wakati wa kuchagua wanafunzi, uwe na 1600 uwe na 900 sawa tu.

Kinachoniuma mimi ni hela. Supaskoo inambeba mwenye uwezo wa kulipia mara tatu. Mtoto wa familia ya kipato cha chini kule Marekani anasamehewa ada, wa kwetu asiye raia wao hasamehewi, na juu yake anaongezewa ada ya kufanyia nje ya Marekani, bado nauli na pa kulala kama kituo kiko mbali. Ndo maana nawaambia msilipie haraka, afanye kwanza yale majaribio ya bure kwenye Bluebook, programu ya College Board ya kufanyia SAT, mpaka maksi zitulie.

Na akirudia atakaa sehemu zote mbili, hakuna kufanya moja tu, ila huyu binti wetu nguvu zake aziweke kwenye Kiingereza, manake kwa vyuo vya supaskoo ile 760 ya Machi haimtoki hata hesabu ya safari hii ikimpiga chenga.