Nani Kamuumiza Afiya?

Shikamooni wazee wetu. Wenzangu, habari za jioni.

Nimeombwa niseme juu ya kitabu kilichonikosesha usingizi mwaka huu, na sikupata tabu kuchagua. Ni riwaya ya Abdulrazak Gurnah iitwayo Afterlives. Ilitoka mwaka 2020, mwaka mmoja kabla mzaliwa huyu wa Zanzibar hajapewa Tuzo ya Nobel. Niliisoma kwa Kiingereza. Nalisema hilo mapema kwa sababu nilikwama njiani, na kilichonikwamisha ni Kiswahili.

Kwa ambao hamjaisoma, tuko katika mji wa pwani usiotajwa jina, enzi ya Mjerumani. Kijana Ilyas anakuja kufanya kazi kwenye shamba la mkonge. Utotoni alitoroka kwao, akachukuliwa na askari, akaishia kusomeshwa na Wajerumani. Sasa anagundua ana mdogo wake wa kike, Afiya, aliyeachwa kijijini kwa watu wanaomtumikisha. Anamfuata, anamleta mjini, anamfundisha kusoma na kuandika. Kisha vinanukia Vita vya Kwanza vya Dunia, Mjerumani na Mwingereza. Ilyas anajiunga na jeshi la Mjerumani kwa hiari yake, na mtoto anarudishwa kulekule alikotolewa.

Huko wanatambua kwamba anajua kuandika. Mwenye nyumba anampiga kwa fimbo mpaka anamvunja mkono. Afiya anatafuta kikaratasi, anamwandikia Khalifa, rafiki ya kaka yake kule mjini, na humo ndani ya kitabu cha Kiingereza maneno yake yamebaki Kiswahili: "Kaniumiza. Nisaidie. Afiya."

Basi. Maneno matatu, na moja ni jina lake.

Mpaka hapo nilikuwa nimezoea kazi yangu ya msomaji. Khalifa akiongea Kiingereza kitabuni, mimi kichwani namsikia mzee wa barazani anavyobishana huku kahawa inapoa. Kila mtu nilimrudishia Kiswahili chake. Huyu mtoto hakunisubiri. Nilifunga kitabu nikatoka nje.

Naomba tukae kidogo kwenye hilo neno la kwanza. Hakuandika "ameniumiza", kama ambavyo mwalimu wangu wa sarufi angetaka. Kaandika kama tunavyosema nyumbani. Sasa hiyo "ka" ni nani? Mwanamume? Mwanamke? Kiingereza kinalazimika kuchagua papo hapo, sisi hatulazimiki. Mtendaji yumo ndani ya neno lakini hana uso. Mtoto anajua atakayesoma atamjua. Kwetu anayekuumiza mara nyingi ni mtu anayefahamika, na kumtaja ni kujiongezea fimbo.

Tangu hapo niliisoma riwaya yote nikiwa na swali hilo mkononi. Mwenye nyumba, sawa, fimbo ni yake. Na kaka mtu je, aliyempa kalamu halafu akamrudisha mahali ambapo kalamu ni kosa?

Kwenye kundi letu la kusoma tuligombana kweli juu ya Ilyas. Mwenzetu mmoja alimwita msaliti, nami nilikuwa upande wake kwa wiki nzima. Wajerumani hawa ndio walioizima Maji Maji, 1905 hadi 1907, kwa kuchoma vijiji na akiba za chakula mpaka njaa ikamaliza kazi ambayo bunduki haikuimaliza. Ilyas anakaa barazani akiwasifu kwamba wana heshima na ustaarabu. Mwenzao mmoja anamwambia, kwa maana, umekwisha kuliwa wewe. Khalifa naye anamwonya kwamba hawa ni wavamizi wawili wanaogombania nani atumeze. Hasikii.

Siku hizi simwiti tena msaliti. Ilyas alitendewa wema akiwa mtoto aliyepotea, na waliomtendea wema walikuwa Wajerumani. Hakuwa na ushahidi mwingine wa maisha yake. Aliilipa fadhila. Kwamba fadhila ile ilikuwa ya mtu mmoja na deni likadaiwa na dola nzima, hilo tunaliona sisi tuliosoma mpaka mwisho.

Vita vyenyewe Gurnah anatuonyesha kupitia Hamza, askari kijana. Sitavisimulia vyote. Kinachochoma ni jeshi linavyopita vijijini likibeba nafaka, mifugo na watu, na wanaobeba bunduki ni Waafrika. Hayo si ya kubuni. Ugogo waliita njaa iliyofuata Mtunya. Waingereza peke yao waliandikisha wapagazi wapatao milioni moja, na karibu laki moja walikufa, wengi kwa maradhi na uchovu kuliko risasi. Kambi yao moja hapa Dar es Salaam, ya Carrier Corps, ndiyo iliyotuachia jina Kariakoo. Nimenunua viatu hapo tangu utoto bila kujiuliza. Vita viliisha Ulaya tarehe 11 Novemba 1918. Huku kwetu jeshi la Mjerumani liliweka silaha chini tarehe 25, kule Abercorn, ambayo leo ni Mbala, Zambia. Wiki mbili nzima baadaye.

Na Ilyas? Atakayelalamika nimemmalizia utamu, samahani, kitabu hiki hakina utamu wa namna hiyo. Miaka inapita, Afiya anaolewa na Hamza, wanampata mtoto, wanampa jina la mjomba wake. Ni huyo mpwa anayekuja kugundua, kwenye makaratasi ya Ujerumani, kwamba mjomba alifia Sachsenhausen, kambi ya Wanazi, mwaka 1942.

Nilidhani mwandishi kazidisha chumvi. Kisha nikasoma habari za Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam mwaka 1904, aliyeingizwa vitani na Wajerumani akiwa mtoto bado. Alikwenda Berlin mwaka 1929 kudai mishahara ya baba yake na yake, akanyimwa. Akabaki huko, akafundisha Kiswahili, akaigiza filamu. Alikamatwa mwaka 1941, akafa mwaka 1944. Sachsenhausen hiyohiyo.

Likizo nilimsimulia bibi yangu hadithi hii, jioni, akichambua mchele. Nilipomsomea kile kikaratasi aliacha mchele akauliza, "Nani kamuumiza?" Nikacheka, maana ndilo swali langu. Nikaanza kumweleza habari za Mjerumani, Mwingereza, mwenye nyumba.

Akanikatiza. "Na kaka yake, alirudi?"

Nikamwambia walimtafuta sana.

"Sijakuuliza hivyo," akasema, akarudi kwenye ungo wake.