Epstein-Barr na MS: Askari 35 Wasiokuwa na Virusi

NEEMA: Swali lililojirudia zaidi wiki hii: je, MS inaletwa na virusi? Kaka Sudi, tuanze na ugonjwa wenyewe.

SUDI: MS ni maltipo sklerosisi. Kinga ya mwili inashambulia mayelini, ile ala ya mafuta inayofunika nyuzi za neva kwenye ubongo na uti wa mgongo. Ujumbe unachelewa au haufiki kabisa. Jicho moja linaona ukungu na linauma ukilizungusha, miguu inakufa ganzi, mkojo haukubali kusubiri.

NEEMA: Na mshukiwa mkuu ni virusi vya Epstein-Barr. Historia yake imepita hapa jirani.

SUDI: Kampala! Denis Burkitt, daktari wa upasuaji pale hospitali ya Mulago, aliandika mwaka 1958 kuhusu uvimbe wa taya kwa watoto. Baadaye vipande vya uvimbe vikawa vinapelekwa London kwa ndege, kwa mtafiti Anthony Epstein. Desemba 1963 ndege moja ilikwepa ukungu ikatua Manchester, na kichupa kilipofika, maji yake yalikuwa yamechafuka kama maji ya kuoshea mchele. Ungedhani bakteria wameingia, ukamwaga. Kumbe zilikuwa seli hai za uvimbe zinaelea. Zikaoteshwa maabara, na mwaka 1964 Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakaviona virusi.

NEEMA: Sasa tatizo ni hili: zaidi ya watu wazima 9 kati ya 10 duniani wanavyo. Ukipima wagonjwa 100 wa MS ukakuta wote wanavyo, hujathibitisha kitu. Wote walishakunywa maji pia.

SUDI: Ndiyo maana ukitaka jibu unawasaka wasio navyo. Kundi la Harvard, Kjetil Bjornevik na Alberto Ascherio, lilitoa matokeo kwenye jarida la Science Januari 2022. Jeshi la Marekani humpima askari VVU anapoingia, halafu kila baada ya miaka 2 hivi, na damu inayobaki inagandishwa. Hebu fikiria friza zenye damu ya watu zaidi ya milioni 10, iliyokusanywa miaka 20, kabla mtu hajajua nani ataugua.

NEEMA: Wakachomoa sampuli za waliokuja kuugua MS.

SUDI: 801 walikuwa na sampuli za kutosha. Kwenye damu yao ya kwanza, 35 hawakuwa na virusi. Kabla MS haijaanza, 34 kati ya hao walikuwa wameshavipata. Akabaki mmoja tu. Aliyeambukizwa, hatari yake ya MS ilipanda mara 32.

NEEMA: Mbishi atasema: labda MS ilishaanza chinichini, ikamdhoofisha mtu, ndipo akashikwa na virusi.

SUDI: Walilifikiria. Neva ikiumia, inavujisha kwenye damu protini iitwayo nyurofilamenti. Ilipanda baada ya maambukizi, si kabla. Wakapima pia sitomegalovirusi, virusi vingine ambavyo, kama Epstein-Barr, vinapita kwenye mate: havikuongeza hatari. Kwangu mimi hapo ndipo hoja inapopata meno.

NEEMA: Hata hivyo wengi wetu tunavyo na hatuugui. Huku kwetu mtoto anavipata mapema, kwenye kikombe na kijiko cha pamoja, bila hata homa. Anayevipata akiwa kijana huweza kuugua mononukleosisi: koo, tezi za shingo, uchovu wa wiki kadhaa. Waliopitia hilo hatari yao ya MS ni zaidi ya mara 2. Ongeza jeni fulani za kinga, sigara, unene wa ujanani, upungufu wa vitamini D.

SUDI: Kuhusu namna vinavyofanya kazi, watafiti wa Stanford walionyesha mwaka huohuo kwamba kipande cha EBNA1, protini ya virusi, kinafanana na GlialCAM, protini ya ubongo. Kingamwili, ile protini ya kinga inayowinda virusi, inakosea mlengwa. Lakini waliiona kwa takriban robo ya wagonjwa, kwa hiyo usiifanye ndiyo hadithi nzima.

NEEMA: Tuje kwenye pesa za msikilizaji. Kipimo cha kingamwili za Epstein-Barr kikisoma chanya, maana yake uliwahi kuambukizwa, basi. MS inatafutwa kwa daktari wa neva, picha ya MRI, na mara nyingi maji ya uti wa mgongo.

SUDI: Na asiklovia, dawa ya kupambana na virusi, usijinunulie. Inazuia virusi vinavyozaliana, ilhali hivi vimejificha vimelala ndani ya seli B, aina mojawapo ya seli za kinga. Dawa zinazoondoa seli B zenyewe ndizo zinazotuliza MS vizuri. Mojawapo, rituksimabu, iliingia kwenye orodha ya dawa muhimu ya WHO kwa ajili ya MS mwaka 2023. Ila kabla ya dripu ya kwanza, dada, lazima homa ya ini B ipimwe, maana dawa hii inaweza kuiamsha ikaharibu ini.

NEEMA: Na chanjo?

SUDI: Zipo kwenye majaribio kwa binadamu. Shida ni saa. MS huanza zaidi kati ya miaka 20 na 40, kwa hiyo ukimchanja mtoto leo, jibu kamili utalisubiri hadi awe na watoto wake.