Kabla ya Kututajia Spika Zako, Tuambie Unafanya Kazi Gani

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu, mabibi na mabwana,

Katika mikutano ya wapenzi wa sauti kuna desturi ambayo sote tunaifuata pasipo kuihoji. Mgeni anaposimama kujitambulisha, hutaja jina lake kisha papo hapo huanza kuorodhesha vyombo vyake: amplifaya ya aina fulani, spika za ukubwa fulani, mashine ya santuri aliyouziwa na jamaa aliyekuwa akihama, na wengine hawaoni haya kututajia hata urefu wa nyaya. Anapoketi, tumekwisha kujua kila kilichomo sebuleni mwake isipokuwa mwenye sebule. Nimepewa nafasi hii nizungumzie utambulisho wa wanachama, nami nitatetea hoja moja tu: kwamba sehemu tunayoiruka, yaani kazi ya mtu na maisha yake mbali na muziki, ndiyo yenye faida kubwa zaidi kwetu, kwa kuwa mengi ya yale tunayoyafurahia leo yaliletwa na watu waliokuwa wakila jasho la kazi nyingine kabisa.

Nianze na mpima macho. Rudy Van Gelder alizaliwa mwaka 1924 katika jimbo la New Jersey, Marekani, akasomea taaluma ya upimaji wa macho mjini Philadelphia, na kwa miaka mingi riziki yake ilitokana na kuwapima watu macho na kuwatengenezea miwani. Wazazi wake walipojenga nyumba mjini Hackensack, walikubali kando ya sebule kiwepo chumba kidogo cha mitambo ya kunasa sauti, na baina ya vyumba hivyo viwili kuwe na dirisha la kioo. Katika sebule hiyo ya familia, kwenye miaka ya 1950, walipiga muziki Miles Davis, Thelonious Monk, Sonny Rollins na wanamuziki wengine wa jazi ambao rekodi zao hadi leo tunazitumia kupimia spika zetu. Mchana alikuwa kwenye duka la miwani, na muda uliobaki alikuwa nyuma ya kioo chake. Ilikuwa mwaka 1959 tu, alipohamia studio aliyoijenga Englewood Cliffs, ndipo alipoacha kupima macho na kuishi kwa kunasa sauti peke yake.

Wengi husimulia habari hiyo kama kichekesho, eti daktari wa miwani aliyewashinda mainjinia. Mimi naiona kwa jicho jingine. Fedha za macho ndizo zilizonunua maikrofoni, na mtu ambaye chakula chake hakitegemei studio anaweza kujaribu jambo ambalo mwajiriwa wa kampuni kubwa asingethubutu kulijaribu, kama vile kuisogeza maikrofoni karibu sana na chombo mpaka pumzi ya mpulizaji isikike. Isitoshe, mtu aliyezoea kumuuliza mgonjwa swali lile lile, lenzi hii au ile, ipi inaonyesha vizuri zaidi, hujifunza kulinganisha vitu viwili vinavyokaribiana bila kujidanganya. Hilo la mwisho ni dhana yangu mwenyewe, kwani Van Gelder alikuwa msiri mno kuhusu njia zake za kazi na hakupenda kuzieleza.

Mfano wa pili unatoka Uingereza. Gilbert Briggs, aliyezaliwa mwaka 1890 karibu na Bradford, alikuwa mtu wa biashara ya vitambaa, na mapenzi yake makubwa yalikuwa piano. Mwaka 1932, wakati mdororo wa uchumi ulipokuwa umeibana biashara ya nguo kote Yorkshire, alitengeneza spika zake za kwanza katika chumba cha chini ya nyumba yake huko Ilkley, akazipa jina la bonde analoishi, Wharfedale. Hakuwa injinia, wala hakujifanya kuwa injinia. Alichokuja nacho ni hulka ya mchuuzi: kuongea na mnunuzi kwa lugha anayoielewa, na kumfunulia bidhaa aishike kwa mkono wake. Ndiyo maana aliandika vitabu vya kueleza spika kwa lugha nyepesi yenye mizaha, na ndiyo maana mwaka 1954, akiwa amevuka umri wa miaka 60, alikodi ukumbi wa Royal Festival Hall mjini London akishirikiana na Peter Walker wa kampuni ya amplifaya ya Quad, akawaweka wanamuziki jukwaani wapige, kisha akawasikilizisha watu rekodi ya muziki huo ili wajionee tofauti wenyewe. Injinia angetuletea grafu. Mfanyabiashara wa nguo aliwaita watu waje waguse kitambaa.

Kuhusu Paul Klipsch, mtengenezaji spika wa Marekani, nitasema kwa ufupi. Aliwahi kutunza vichwa vya treni za umeme nchini Chile, akafanya utafutaji wa mafuta Texas kwa kupima tabaka za ardhi, na wakati wa vita vya pili vya dunia alikuwa ofisa wa jeshi katika kituo cha kujaribia mizinga na risasi huko Hope, Arkansas. Spika yake ya mwaka 1946 ilikuwa ya honi, ndugu wa zile zinazofungwa juu ya minara ya misikiti na mapaa ya makanisa yetu, ila yeye alitaka honi itoe na besi, jambo linalodai honi ndefu yenye mdomo mpana kuliko nyumba nyingi zinavyoweza kuvumilia. Aliikunja ndani ya kabati, kisha akalisukuma kabati kwenye pembe ya chumba ili kuta mbili ziwe mwendelezo wa honi yenyewe. Mtu aliyezoea kufuatilia jinsi mtetemo unavyosafiri ardhini haoni ajabu kuufanya ukuta kuwa sehemu ya chombo. Na Amar Bose, ambaye jina lake tunaliona kwenye spika madukani, alianza utotoni Philadelphia kama fundi redio, akitengeneza redio za watu ili kuisaidia familia, na baadaye akabaki mwalimu wa chuo kikuu cha MIT hata baada ya kuanzisha kampuni mwaka 1964.

Sasa nataka tumtazame Mskoti mmoja ambaye wengi wetu tunalijua jina la amplifaya yake na hatujui kitu kingine chochote juu yake. Mwaka 1947 jarida la Wireless World lilichapisha mchoro wa amplifaya ya valvu, yaani taa za kioo zinazokuza sauti, uliobuniwa na D. T. N. Williamson, kijana aliyekuwa hajatimiza miaka 25. Amplifaya hiyo ilitoa wati 15, na uchafu iliouongeza kwenye sauti haukufika sehemu moja katika elfu. Mchoro ulikuwa wazi kwa kila msomaji, na watu wa nchi nyingi waliijenga majumbani mwao wakitumia vipuri walivyovipata. Siri ya ubora wake, ukiacha transfoma yake nzuri, ilikuwa kuirudisha sehemu ya sauti inayotoka hadi kwenye mlango wa kuingilia, ili amplifaya ijilinganishe na kile ilichopewa na kujirekebisha papo hapo. Kazi ya Williamson ilikuwa katika kampuni ya Ferranti mjini Edinburgh, akawa miongoni mwa watu wa mwanzo kuzifanya mashine za kukata vyuma ziongozwe na namba badala ya mkono wa fundi. Na mashine hizo hufanya kazi kwa wazo lile lile: kupima kilichotokea, kukilinganisha na kilichoamriwa, kisha kusahihisha tofauti. Yeyote kati yenu anayefanya kazi karakana yenye mashine za namna hiyo anaijua amplifaya ya Williamson kuliko anavyodhani, na sisi wengine tungefaidika sana kama angetuambia hivyo siku ya kwanza.

Huku kwetu nako kuna mfano. Hugh Tracey alitoka Uingereza akiwa kijana, akafika Rhodesia ya Kusini, yaani Zimbabwe ya leo, mwanzoni mwa miaka ya 1920 kulima tumbaku pamoja na kaka yake. Nyimbo alijifunzia shambani, kutoka kwa wafanyakazi Wakaranga, na hapo ndipo ilipoanza safari iliyomfanya azunguke na vinasa sauti hadi Kenya, Uganda, Tanganyika na Kongo. Ni yeye aliyemrekodi Mwenda Jean Bosco, mpiga gitaa wa Kongo, mwaka 1952 huko Likasi, mji ulioitwa Jadotville wakati huo, na gitaa lile likasikika kila palipokuwa na santuri Afrika Mashariki. Tunaweza kubishana kuhusu nani alifaidika na rekodi hizo, na mimi ni miongoni mwa wanaobisha, lakini hakuna shaka kwamba sikio lake lilinolewa katika mashamba ya tumbaku.

Najua pingamizi litakaloletwa. Katika miji yetu, kumuuliza mtu kazi yake mara nyingi ni kumuuliza kipato chake kwa adabu, na tukianza hivyo huenda wenye vyeo wakakaa mbele na wenye karakana wakakaa nyuma. Hofu hiyo ina msingi. Ila orodha ya vyombo tunayoitumia sasa inatupanga kwa fedha kwa uwazi zaidi, kwani bei ya amplifaya kila mmoja wetu anaijua. Kwa hiyo tusiulize cheo. Tuulize kazi yako inakufundisha nini kuhusu sauti. Seremala anajua mbao ipi inatetema na ipi inanyamaza. Mwadhini anajua sauti inavyorudi kutoka kwenye kuba. Mchomeleaji, au dereva aliyekaa juu ya injini miaka mingi, pengine masikio yake yamepoteza sauti nyembamba, naye ana haki ya kuambiwa hivyo kabla hajauziwa spika ghali kwa sababu ya sauti asizozisikia tena.

Suala hilo la masikio ndilo linalonifikisha kwa Edgar Villchur, mvumbuzi wa spika wa Marekani. Alisomea historia ya sanaa mjini New York, akataka kuwa mbunifu wa mapambo ya jukwaa la tamthilia, akajifunza elektroniki jeshini wakati wa vita, kisha akafungua duka la kutengeneza redio. Mwaka 1954, pamoja na mwanafunzi wake Henry Kloss, alianzisha kampuni ya kutengeneza spika ndogo iliyozibwa kabisa, ambayo hewa iliyomo ndani yake ndiyo springi inayoirudisha koni, yaani ile sehemu ya spika inayotetemeka, na hivyo kabati dogo likaweza kutoa besi iliyokuwa ikihitaji kabati kubwa mno. Ukingo laini wa koni ya spika ya majaribio ulishonwa na mkewe, Rosemary, kwa kitambaa cha magodoro. Mwanamke huyo alikuwa mchoraji wa ramani za kiufundi wakati wa vita, na historia za spika humtaja kwa mstari mmoja au hazimtaji kabisa.

Baada ya kampuni kuuzwa mwaka 1967, Villchur aligeukia vifaa vya kusaidia kusikia. Mtu mwenye usikivu hafifu hahitaji kila sauti ikuzwe kwa kiasi kimoja, kwa kuwa sauti ndogo haisikii na kubwa inamuumiza kama inavyomuumiza mwingine yeyote. Njia aliyoieleza mwaka 1973 iliigawa sauti kwa masafa yake, yaani nene mbali na nyembamba mbali, na kukikuza kila kipande kwa kadiri yake, sauti ndogo ikikuzwa zaidi na kubwa ikikuzwa kidogo. Spika yake aliichukulia hataza, yaani haki ya kisheria ya kuwazuia wengine wasiige uvumbuzi wake. Njia hii ya pili aliichapisha bila hataza, na watengenezaji wa vifaa vya kusikia wakaichukua bure.